Dar Hapa

Erasto kaja na begi mgongoni na soksi zenye matundu.
Viatu kaviacha mlangoni, ingawa sikumwambia.
Kapanda kiti changu cha kulia chakula,
kaitundika ruta juu ya kabati la vyombo,
ikawasha taa tatu za kijani na moja ya njano
inayopepesa kama mtu mwenye neno asilotaka kulisema.

Kisha akatoa kisanduku cha pili, cheusi, kidogo kuliko kisosi.
"Hiki, mama, ndicho cha simu.
Sauti yako itapita humohumo kwenye intaneti."
Nikamletea simu yenyewe,
ya mezani, rangi ya maziwa yaliyoungua.
Tangu wezi wang'oe nyaya za shaba Kijitonyama
imelala ndani ya kanga, bubu, miaka kumi na minne.
Akacheka. Akaipangusa kwa shati lake.

Sikumwambia kwamba nilikuwa opereta.
Miaka ishirini na miwili, swichibodi ya Dar,
vidole vikijua matundu gizani:
Mwanza ongea, Tabora ongea,
Lindi subiri, mvua imelaza nguzo.
Nimeunganisha wachumba na wafiwa.
Nimesikia kimya cha mtu anayedaiwa.
Nilikula kiapo, na kiapo hakistaafu.

Saa tano. Saa sita. Anaingiza namba, nenosiri, namba.
Simu inaita. Napokea.
Namsikia dada yake vizuri, yuko Mabibo, anakaanga kitu,
lakini yeye hanisikii:
"Haloo? Haloo? Erasto, hamna mtu."
Tena. Hamna mtu.
Mimi huyu, nimesimama sebuleni kwangu, hamna mtu.

Kijana anafuta jasho, analaumu kampuni, analaumu mvua ya jana.
Namuuliza: "Hicho cheusi nacho kinagawa njia?"
"Kinagawa, mama. Vyote viwili vinagawa."
"Basi umeweka mabawabu wawili, mlango mmoja.
Mgeni kaingia,
jibu langu linazurura kati yao halijui litokee wapi.
Mmoja mwachie funguo. Mwingine mpe kiti."

Akanitazama kama redio iliyosema wakati haijachomekwa.
Akachomoa waya, akauhamishia tundu jingine,
akabonyeza, akangoja, akaniashiria.
Nikanyanyua mkono wa simu.

Uuuuuuuu.

Mlio ule. Laini iliyo wazi.
Nilidhani ulikwenda na shaba.
Erasto anasema kisanduku kinaigiza tu, hakuna waya unaolia.
Sawa. Hata mimi niliigiza uchangamfu saa kumi za usiku,
na watu wakaunganishwa.

Namba niliificha kwenye kopo la sukari, mwaka mzima.
Verediana, swichibodi ya Bukoba.
Tulisalimiana kila alfajiri, miaka kumi na mmoja,
hatujawahi kuonana.
Nakijua kikohozi chake, siujui urefu wake.
Kwa simu ya kiganjani niliona haya kumpigia:
ile ni ya kila mtu, hata ya wauza mikopo.

Inaita. Inaita.
Sauti inachelewa kidogo, kama mtu anayetafuta miwani kwanza.
"Haloo?"
Sikutaja jina. Nikasema:
"Dar hapa."
Kimya. Nakijua kimya hicho, cha mtu anayevuta kiti.
"Bukoba," akasema. "Endelea, Dar."

Umeme ukakatika.
LUKU, uniti sifuri.
Simu za zamani zilikula umeme wa laini yenyewe,
mtaa mzima ukiwa giza, ziliita.
Kisanduku hiki kinakufa pamoja na friji.

Erasto anatafuta namba ya mita kwenye simu yake,
anasema dakika mbili, mama, mbili tu.

Mkono wa simu bado uko sikioni.
Opereta hakati kabla ya mteja.