Aya ya Kumi na Tisa

Ofisi yetu iko Nsambya, juu ya duka la dawa:
vyumba viwili na kabati lisilofungika.
Mimi ndiye mtafsiri. Nilizaliwa Bunia,
nimekaa Kampala miaka kumi na mmoja,
na karatasi zangu bado zinaniita mwombaji.

Mwongozo ulikuja: kurasa tano, si zaidi.
Kurasa tano za nchi nzima,
za wanaotoka na wanaoingia,
kila aya na namba yake
kama vitanda vya wodi.

Tereza Akullo alifika Jumanne akitokea Lira,
akakataa kiti, akakataa soda.
Miaka miwili amefua na kupika Uarabuni,
pasipoti yake ndani ya droo ya mama mwenye nyumba,
mshahara wa miezi saba haujulikani ulikolala.
Akasema, "Andika blanketi."
Blanketi gani?
"Mimi nililala jikoni, sakafuni, ubavuni mwa friji.
Paka wao alikuwa na blanketi. La kijani."

Nikaandika.

Nduwayo hakungoja kuulizwa.
Alivuka kutoka Burundi, akakata miwa huko Busoga.
"Mnasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi panga nililipokea siku ya kwanza,
kabla hata ya maji ya kunywa.
Mwezi ulipokwisha nikaulizia ujira:
nikawa mgeni upya."
Akacheka peke yake.
Kisha akakunja mkono wa shati, tuone pingu zilipokaa.

Usiku wakili Kyomuhendo akapunguza,
kalamu nyekundu, miwani juu ya paji la uso.
Tereza akawa Bi. T.A., miaka 27.
Nduwayo akawa "wafanyakazi wa mashambani, wakiwemo".
Blanketi likatoka.
Nikalirudisha.
Akalitoa.
"Geneva hawasomi mablanketi," alisema, bila ubaya,
"wanasoma vifungu."
Aya ya kumi na tisa ikabaki na
*mazingira duni ya malazi*,
maneno manne,
na chini yake ushahidi wote umelala sakafuni
bila kitu cha kujifunika.

Nilikaa na neno moja mpaka umeme ukakatika:
uhakiki.
Lichunguze. Haki imo humo ndani,
imebanwa, u mbele, ki nyuma,
kama mtu kati ya askari wawili.

Siku ya kikao tulichanga pesa za bando,
watu kumi na wanne, kompyuta moja,
binti wa Tereza amelala mgongoni mwa mama.
Nchi ambayo siujui mji wake mkuu
ikasoma pendekezo, karibu maneno yetu yenyewe:
walindeni wanaohama, wa kwenu na wa wenzenu.
Sekunde tano, labda sita.
Mtu nyuma yangu akapiga kigelegele.
Picha ikaganda, mdomo wa balozi wazi,
bando limeisha.

Majibu yalichukua miezi.
Mbele ya namba yetu, neno moja.
Si *limekubaliwa*. Si *limekataliwa*.
*Limezingatiwa.*
Nikamfasiria Tereza kwa Kiingereza changu kibovu
na Kilango changu kibovu zaidi.
"Maana yake wamesikia?"
Maana yake wamesikia.
"Na watafanya?"

Nikatazama kabati.

Mzunguko mwingine ni baada ya miaka minne na nusu.
Binti atakuwa darasa la pili, ameanza kusoma
kila kinachobandikwa ukutani.
Ijumaa Tereza amerudi na wenzake wanne,
nakala za mikataba ndani ya mfuko wa sukari,
na safari hii amekubali kiti.
Nimefungua faili jipya.
Sijaweka jina la nchi, wala namba ya aya.
Nimeanza na rangi:
kijani.