Saa ya Ukutani

Julai, Isongole. Ukungu umelala juu ya viazi
kama mgeni aliyekosa nauli ya kurudi.
Mwanangu ana siku kumi na moja duniani
na tayari ana walimu watatu.

Wa kwanza mama mkwe, Subilaga,
kashuka kwa miguu toka Ndaga, kuku kwapani,
na khanga tatu kuukuu
zilizolainika kama kauli ya mwenye deni.
Mtoto hana saa, anasema. Akilia, mpe.
Jiko la mkaa liingie chumbani,
dirisha tulizibe kwa gunia,
na kitovu tukipake majivu ya ganda la ndizi.

Wa pili Nesi Sanga wa zahanati,
mwanamke mfupi, sauti ya kengele ya shule:
Mkaa chumbani? Mtazikwa wawili
kabla mahindi hayajakauka!
Mvue, mlaze kifuani, ngozi kwa ngozi.
Kitovu kiache kikauke chenyewe.
Maji asionje. Hata tone. Miezi sita.

Wa tatu wifi yangu Gwantwa, kwa simu toka Mbeya mjini.
Yeye ana ratiba.
Kila baada ya saa tatu, dakika ishirini kila titi,
kitanda chake, peke yake. Akilia mwache,
atachoka, atajifunza. Usipomzoesha wewe
atakuzoesha yeye.
Akatuma na saa ya ukutani, ya plastiki, ya kijani,
tukaitundika pale ilipokuwa kalenda ya chama cha ushirika.

Mume wangu Ambokile anawakubalia wote watatu
kwa kichwa kile kile kimoja.

Usiku wa jana mtoto aliamka saa saba na robo.
Ratiba ilisema saa nane.
Nikakaa kitandani, mikono chini ya mapaja,
nikiutazama mshale kama mtu anayetazama maziwa yachemke.
Yangu yalikuwa yamekwisha kuchemka,
yamelowesha gauni, sweta, na shuka.

Mlango ukasukumwa. Subilaga, na jiko mkononi,
makaa mekundu kama macho ya paka.
Nikasema: Hapana, mama.
Sikuwahi kumwambia neno hilo.
Hata mtoto akanyamaza kidogo, asikie.

Akaligeuza jiko. Nikasikia akilitua nje, chini ya upenupenu.
Akarudi mikono mitupu, akakaa ukingoni mwa kitanda.
Akaitazama saa, si mimi.

«Huyu mumeo nilimzalia hospitali ya misheni.
Kulikuwa na saa kama hiyo, kubwa zaidi.
Sista alisema: kila baada ya saa nne, si kabla,
ukimpa kabla utamharibu tumbo.
Nami sikujua kuisoma.
Nilingoja sista aje aniambie sasa.
Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika,
akawa anafungua mdomo tu, kama samaki.
Nilitii.
Mpaka leo akinipigia simu, kabla sijapokea,
moyo huniambia: anakuja kudai.»

Mimi sikuwa na jibu. Nilikuwa na vifungo.
Nikavifungua, nikamvua mtoto, nikamlaza kifuani,
akaparamia mwenyewe, akigonga kwa pua,
akapata. Nikauma meno mpaka maumivu yakapita.
Subilaga akatufunika khanga zake, zote tatu,
moja baada ya moja, akichomeka pembe
chini ya mgongo wangu.

Nje viazi vilianza kunukia. Kumbe
aliviweka kwenye lile jiko.

«Haya,» akasema, «hiyo sasa ni saa ngapi?»
Nikamwonyesha: mshale mfupi, kisha mrefu.
Akauliza tena, baada ya kiazi cha pili. Akapatia.
Akauliza tena kulipokaribia kucha, akapatia,
akacheka peke yake gizani, taratibu,
asimwamshe mwalimu wetu wa nne.

Kuhusu kitovu bado hatujaelewana.
Majivu yamo mfukoni mwake,
kwenye kijikaratasi cha chumvi.
Nimeyaona.