Mkono wa Kulia

Ijumaa, saa kumi na mbili jioni,
Punta Arenas imeshaingia giza.
Upepo unagonga bati kama mdai deni.
Mama anavua buti mlangoni,
ananawa kwa ndimu mara tatu,
na bado vidole vinanuka kaa.
"Danilo," ananiita, "leta kopo."

Kopo lilikuwa la biskuti. Sasa limebeba chupa kumi na moja
za bei ya chini, za duka la dawa la pembeni:
nyekundu iliyoganda shingoni,
buluu mbili zinazokataa kufanana,
ya fedha, nusu,
na ile ya kijani
ambayo Bi Mirta wa ghorofa ya chini aliinunua,
akaijutia siku hiyohiyo, akatugawia.

Mkono wa kushoto hauna shida.
Anaupaka mwenyewe, hatetemeki.
Kisha zamu inageuka, na huo wa kushoto,
uliozoea kushika tu ganda mwenzake akikata,
unaikamata brashi kama mtoto na kijiko.
Kidole kimoja hakivunji chawa;
mkono nao haujipaki.
Ndiyo kazi yangu hapa.

Nilianza na miaka tisa, kwa vidoa.
Kichwa cha pini ya nywele: chovya, gusa, inua.
Usivute. Ukivuta, doa linageuka kiluwiluwi.
Baadaye nikajua utepe wa kunata,
kuukata kwa mkasi wa meno wa Bi Mirta,
kuubandika, kupaka, kuubandua rangi ikiwa bado mbichi.
Hapo subira haivuti heri,
inavuta rangi nzima ikatoka na utepe.

Mwaka huu ni maji.

Kikombe kilichong'oka mpini. Maji vuguvugu,
maana ya bomba, huku kwetu, yanaizamisha rangi
kama sarafu.
Tone la buluu. Linatanuka,
linakuwa jembamba kama utando wa maziwa.
Katikati yake ya fedha. Katikati yake buluu ya pili.
Sasa kijiti cha meno, kutoka ndani kwenda nje, taratibu,
na humo kikombeni, haki ya Mungu,
mlango-bahari mzima na povu lake.

"Zamisha," nasema.
Anafumba macho, anakaza bega,
kama anavyotumbukiza mkono kwenye pipa la barafu kazini.
"Mama. Ni vuguvugu."
"Aa," anasema. "Nilisahau."

Rangi imepanda hadi kwenye fundo la kidole.
Naifuta kwa pamba, na hapo ndipo naona
tundu la mwiba wa kaa kwenye gumba,
ukucha wa shahada ulioota upande
tangu mwaka wa ile mashine.
Nao nimeupaka. Mawimbi yamepinda kuufuata.
Ndio mzuri kuliko yote, na sikukusudia.

Chanda chema huvikwa pete, lakini kiwandani
pete ni marufuku, na rangi ya kucha ni marufuku.
Jumapili, saa nne usiku, asetoni.
Siku mbili tu, basi.
Niliwahi kumuuliza faida yake nini.
Akasema, "Chakula nacho huliwa.
Mbona hujaniambia niache kupika?"

Jumapili inafika. Jikoni kunanuka hadi machozi.
Mipira ya pamba inalewa buluu, mmoja baada ya mwingine.
Anafuta tisa.
Ule wa shahada anautazama,
anaugeuza kwenye taa, anaugeuza tena,
anaufuta.

Mimi nimeshapiga magoti.
Namvua soksi ya kushoto.
"We mtoto, unafanya nini?"
Buti ya mpira, soksi mbili, saa kumi za zamu.
Nani atakagua?
Dole gumba, moja tu, kwa ile ya kijani ya Bi Mirta,
mbaya kwelikweli, na nimevuka ukingo kwa haraka.
Napuliza ikauke.
Mama anavuta mguu, anacheka,
anasema namtekenya.