Ndoo, Uteke

Bwana Jiwani amechoka kulipia leseni kila mwaka,
tukahamia programu ya bure.
"Lahajedwali ni lahajedwali," akasema,
na mimi nikalisikia neno upya:
laha, jedwali, na katikati yake, ukilitamka haraka,
lahaja.

Shimanzi, saa mbili asubuhi, ghala la chai.
Forklifti zinarudi nyuma kwa mlio wao uleule,
vumbi la majani linatua juu ya kibodi.
Nikafungua faili.
Uzito, sawa. Unyevu, sawa.
Safu ya jumla, kutoka juu hadi chini,
alama ya reli, kisha swali:
JINA?
JINA?
JINA?
Mara mia nne na kumi na mbili,
kama askari wa getini aliyekusalimu jana
na leo anataka kitambulisho.

Faili hili alilisuka Bi. Tunu Shehe, miaka kumi na saba nyuma.
Nilipofika kutoka Kitui, siku yangu ya kwanza,
aliniita akiwa mlangoni pa stoo: "Ndoo, uteke!"
Nikatwaa ndoo. Nikaenda bombani, nikateka.
Nikarudi imejaa, maji yakinimwagikia viatu vipya,
nikawakuta wote wameshika mbavu.
Kwao ndoo ni njoo, na kuteka ni kucheka.
Sentensi ileile, herufi zilezile,
jibu: lita ishirini.

Basi sasa nafasiri, seli kwa seli.
Hapa mkato hautoshi, wanataka nukta juu ya mkato.
Hapa kuna amri wasiyoijua kabisa;
nimeivunja, nimeijenga upya kwa vipande vya zamani.
Hapa kalenda zao hazianzi kuhesabu siku moja,
chai iliyoingia juzi ikasoma kwamba imelala ghalani
miaka minne na siku moja.
Hizo zinapiga kelele, hazinitishi.
Naziogopa zinazonyamaza:
seli iliyoiona namba ikadhani ni neno,
ikaihesabu sifuri,
ikakaa kimya, mstari umenyooka, rangi nzuri.

Saa nane nikaikuta safu ya K. Ilifichwa.
Kila shehena, kabla ya kujumlishwa,
inatolewa kilo mbili.
Hakuna maelezo pembeni.
Programu mpya haikulalamika hata kidogo;
alama ya kutoa inaelewana na kila mtu.

Nikampigia Bi. Tunu, kwake Mwembe Tayari.
Nyuma yake nilisikia sufuria, na mjukuu akikariri.
"Safu ya K? Hiyo ni kutoa, mwanangu."
"Naona ni kutoa. Kwa nini?"
"Si kwa nini. Kwa nani."
Akanyamaza, akaniacha nifike mwenyewe.
Chai humwagika chini ya mizani.
Huzolewa, hufungwa kwenye kitambaa,
hupita getini jioni kwenye vikapu vya wafagiaji.
Bosi wa kwanza alikubali kwa mdomo tu, kisha akafa,
na mdomo wake hauna nakala.
"Nikaiandika pasipo maneno," akasema,
"kwani maneno yangesomwa."

Bwana Jiwani anataka jumla kabla ya saa kumi na moja.
Ningeweza kuifuta. Hakuna ambaye angejua,
mpaka siku vitabu na mizani vitakapogombana
na mtu mwenye ufagio aitwe mwizi.
Au nimweleze, na yeye ndiye afute.
Nilikaa na kidole hewani, chai yangu ikapoa.

Nikaiandika tena, kwa nukta-mkato kama wanavyotaka.
Sikuificha safari hii. Nikaipa jina, kwa kuwa huku jina huulizwa:
UFAGIO.
Kesho ataiona. Kesho ataniita, au hataniita.

Jumla zikatulia.
Nje, Mbodze alikuwa akifagia chini ya mizani.
Akaniambia kitu kwa Kigiriama, haraka, akinitazama.
Sikuelewa.
Nikatoka nikasimama karibu naye,
mikono mitupu,
nikamwomba aseme tena.