Mpangaji wa Nyuma ya Kalenda

Usiku wa kwanza Tukuyu, mvua inapiga bati
kama mtu anayemwaga maharage bila kukoma,
niliinua tochi nitafute msumari wa kutundikia koti
na ukuta ukanitazama.

Mpana kama kiganja cha mtoto. Bapa
kama stempu iliyobandikwa kwa mate.
Rangi yake ni ya ukuta wenyewe, udongo na moshi,
miguu imetandazwa, mistari ya kahawia na kijivu.

Nikavua kandambili.

Sijivunii. Alikimbia upande upande
kama kaa wa mto Kiwira aliyefunuliwa jiwe,
akazama nyuma ya kalenda ya ushirika.
Mguu mmoja ukabaki ukutani
ukijikunja na kujikunjua peke yake,
kama kidole kinachomwita mtu.
Sikulala.

Asubuhi Ambokile, mjukuu wa mwenye nyumba,
alikuja na ndoo ya maji na elimu ya darasa la nne:
"Huyo hatandi utando, anko. Anawinda kwa miguu.
Wenye utando ni wale wa chooni, wembamba,
wanaotetemeka ukiwapulizia.
Na wa bustanini, ukiwamulika usiku, macho yanawaka,
wamebeba watoto mgongoni.
Huyu wako hana nyumba.
Ndiyo maana anakaa kwako."
Kisha, akishusha sauti:
"Ila anakojolea watu mdomoni."

Wiki ya pili nikaamka na malengelenge mdomoni.
Kituoni wakulima wakashusha majani mabichi ya chai,
mimi nasoma mizani, wao wanasoma mdomo wangu.
"Karani kakojolewa na buibui!"
Hata mama Tusajigwe, ambaye hajacheka tangu bei ishuke,
alishika mbavu.
Zahanati wakasema ni baridi tu, itapita.

Nikarudi nikamwomba radhi, kimoyomoyo.
Kusingiziwa nakujua:
kila mwenye kilo pungufu
huona ni mimi niliyekojolea mizani.

Tukazoeana. Sisemi urafiki.
Saa mbili usiku anatoka, miguu saba,
anasimama kando ya swichi
kama mlinzi ambaye hajalipwa miezi mitatu na bado anakuja.
Mende wakapungua.
Nilijifunza kung'uta kiatu kabla ya kuvaa,
kutikisa taulo,
kusogeza kitanda shubiri mbili kutoka ukutani.
Yeye alijifunza, nadhani, uzito wa hatua zangu,
maana siku hizi hakimbii
nikiingia na sufuria ya uji.

Novemba nikamkuta sakafuni.
Mkavu, mwepesi, miguu saba imekunjwa ndani
kama ngumi iliyokata tamaa.
Nikamlaza ndani ya kiberiti kitupu.
Nikazima taa mapema, nikijicheka gizani:
mtu mzima, mwajiriwa, ana msiba wa buibui.

Usiku uliofuata akatoka nyuma ya kalenda.
Anang'aa, mkubwa kuliko jana.
Nikahesabu.
Nikasogeza tochi, nikahesabu tena.
Minane.
Wa nane mwembamba, umepauka, mfupi kidogo,
kama ndizi ya mwisho kwenye mkungu.
Kumbe nilichokizika ni nguo.

Sasa ni Machi.
Wageni wakija huuliza
kwa nini kalenda yangu ni ya mwaka jana,
imegota Novemba,
na yule mwanamke wa pichani, mchuma chai,
ameanza kujikunja pembeni kwa unyevu.

Nawaambia msumari umeshika kutu,
haung'oki.