Breki za Nyuma

Mwaka wa nane huu naliona likiingia
karakana yetu ya ukaguzi, hapa Iisalmi,
bila mlio, kama mtu avuaye viatu mlangoni:
gari mseto la Urpo Kettunen,
rangi ya chai ya maziwa, mtumba wa daktari wa meno,
kilomita laki tatu na ushei.

Naandika haya nyuma ya fomu.
Fomu yenyewe haina nafasi yake.

Miaka saba nimelitafutia kosa.
Nimelipandisha lifti, nimeligonga tumbo kwa bisibisi,
nimeshika gurudumu juu na chini nikalitikisa,
nimenusa bomba la moshi: lanuka kidogo kuliko mimi.
Na ile betri waliyoitangazia matanga mapema
("itakufa, na bei yake bei ya gari zima")
bado inapokea na kutoa, kutoa na kupokea.
Mara moja tu niliandika kasoro: balbu ya namba.
Hilja, mkewe, aliibadilisha palepale kwenye baridi,
glavu moja kaiuma kwa meno,
kisha akaniuliza kama kuna jingine.
Hakukuwa na jingine.

Nililisifu mbele ya wanagenzi.
"Hili," niliwaambia, "mtazeeka nalo."
Mgema, mgema.

Mwaka huu kaja peke yake.
Kiti cha abiria kimebeba boksi la mishumaa,
ile ya makaburini, yenye vifuniko.
Sikuuliza. Mji mdogo;
kengele ya kanisa nayo ni gazeti.

Nikaliweka kwenye roli.
Mbele, sawa.
Nyuma kushoto, nusu.
Nyuma kulia sindano ililala, haikuamka.
Nikaingia chini na tochi:
kutu, nyekundu, nene,
si kutu ya kazi, kutu ya likizo.
Maana gari hili ukiinua mguu
mota yake hulishika, hula mwendo, huuweka akiba,
na breki za chuma hukaa zikingoja kuitwa.
Hilja ndiye aliyekuwa akiziita.
Alikuwa na mguu mzito,
alisimama ghafla kila penye duka la vitambaa.
Urpo huenda kilomita mbili, kanisani na kurudi,
polepole, kama abebaye bakuli la supu,
na chumvi ya barabara miezi mitano.

Nikamwambia: limeanguka.
"Halijawahi."
"Halikuchakaa," nikasema. "Halikutumiwa."
Akatazama vidole vyake.
Miaka thelathini alipiga kinanda kanisani;
tangu Novemba anapiga kijana wa Kuopio.

Sheria hainiruhusu kutengeneza ninachokagua.
Mdomo haikuufunga.
"Nenda barabara ya Kajaani alfajiri, hakuna mtu.
Tazama nyuma. Fika themanini. Tia gia huru
mota isikusaidie, halafu kanyaga,
kanyaga kama umekasirika.
Mara kumi. Zikigoma, nunua diski."
"Kama nimekasirika," akarudia,
kama asomaye kipimo cha dawa.

Siku ya tisa akarudi.
Hata kabla ya roli nilinusa
chuma kilichoungua, harufu ya kwato za moto.
Nyuma kushoto, sawa.
Nyuma kulia ikatetemeka, ikasita, ikapanda,
ikavuka mstari kwa unywele.
Nikagonga muhuri.

Sauti ilikuwa imemkauka
kama mtu aliyetoka kushangilia mpira.
"Mara kumi?" nikamuuliza.
"Sikuhesabu. Nilifika Kajaani."

Boksi lilikuwa limepinduka,
mishumaa imebingirika hadi chini ya dashibodi,
mmoja umevunjika katikati.
Hilo sikuliandika kuwa kasoro.