Jicho la Fundi

Kabla hatujatoka Manyatta Rispa aliwapanga sebuleni,
akawavisha fulana za manjano,
"ili hata mwenye makengeza awaone."
Mimi nikachukua chaki yangu ya kuchorea chuma,
nikamwandikia Ogola nambari ya simu mkononi,
tarakimu kumi, toka kifundo hadi kiwiko.
Akacheka: inatekenya, baba.
Awiti alikataa. Ana miaka kumi na mmoja,
nambari ameihifadhi kichwani,
na aibu pia.

Mamboleo. Vumbi, mahindi ya kuchoma, spika tatu zikigombana.
Na lile gurudumu la viti, refu kuliko mikaratusi.

Kila mtu aliona taa. Mimi niliona viungo.
Miaka ishirini na miwili ya kuchomelea chuma Kibuye
imenipa jicho lisilopumzika hata Jumapili:
hapa moto ulizidi, hapa haukutosha,
hapa mtu kapaka rangi nyekundu juu ya kutu
kama anayejipodoa bila kuoga.

Nikalizunguka. Nikahesabu boliti.
Kijana wa tiketi akauliza, "Mzee, unapanda au unanunua?"
Nikamwonyesha kiti cha saba.
Penye pini ya kufungia mlango
palikuwa na msumari, inchi nne, umepindwa.
"Huo umeshika tangu Bungoma," akasema kwa fahari.
Kijana wangu, msumari haukumbuki Bungoma.
Msumari unajua uzito ulioukalia sasa hivi.

Awiti akalia. Wenzake wote walikuwa huko juu,
wakipunga.
Nilitafuta neno la kumweleza
kwamba hapana yangu nayo ni mkanda.
Sikulipata. Nikasema "hapana" kavu,
ikaanguka katikati yetu kama spana.

Nilipogeuka, Ogola hakuwepo.

Nijieleze vipi? Mimi niliyeona ufa
mwembamba kuliko unywele, mita kumi hewani,
sikuhisi vidole vitano
vikichomoka katika kiganja changu.

Fulana za manjano! Shule nzima ilikuwa imekuja siku hiyo
kwa manjano, watoto mia mbili,
na kila mmoja akigeuka alikuwa na uso usio wake.
Rispa hakupiga kelele. Alikwenda langoni,
akamsimamia mlinzi:
"Mtoto mdogo asitoke na mtu bila kuulizwa."
Mimi nilikimbilia jenereta na nyaya zake zilizolala matopeni,
farasi wa plastiki, vyoo,
nikaita jina lake mpaka likaisha maana,
likabaki silabi tatu
za lugha nisiyoijua.

Awiti ndiye aliyesema, "Tangi."

Tangi jeusi la maji, karibu na kibanda cha tiketi.
Tulipoingia tu mama yao aliwaonyesha:
ukipotea usitutafute. Nenda pale, kaa.
Kutafuta ni kazi yetu.
Nilidhani hawakusikia. Walikuwa wakitazama taa.

Alikuwa ameketi chini ya mfereji,
viatu kwenye tope, mdomo umejaa karanga
za mama mmoja muuzaji, ambaye alikuwa ametua beseni lake
na kuapa hasogei mpaka mwenye mtoto aje.
Akanikagua kwanza. "Huyu ni nani wako?" akamwuliza.
Nikasubiri jibu
kama mshtakiwa.

Maji na jasho vilikuwa vimekula chaki yangu:
ilibaki sufuri, saba,
na mkia wa tisa.
"Mmechelewa," Ogola akasema.

Tulipopita tena, kiti cha saba kilikuwa kimefungwa kamba,
kinazunguka kitupu.
Kijana wa tiketi hakunitazama. Nami sikumtazama.

Mwisho tulipanda treni ya watoto, ile ya mwendo wa bata,
magoti yangu yakinigusa kidevu,
Awiti bado amenuna upande wa kulia.
Kwenye kona nikasikia boliti ikilia mahali fulani chini yetu.
Mikono yangu ilikuwa imejaa, huu wake, huu wa mdogo wake.
Nikaiacha ilie.